Mama Dekio Kwenye Darasa la Viongozi

Kwa miaka kumi na mmoja alipiga deki ukumbi wa halmashauri, ngazi zake na ofisi saba za ghorofa ya kwanza, na muda wote huo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Dekio. Mwanzoni lilimuuma, baadaye akalizoea, mwishowe akawa analiitikia hata sokoni.

Mwaka aliotimiza hamsini na mbili, binti yake wa pili alishikwa na uchungu mchana wa Jumanne. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi, na nyuma yake palikuwa na wodi mpya ya wazazi, imepakwa rangi, ina vioo madirishani na kufuli mlangoni. Muuguzi akasema hana ruhusa ya kuifungua. Wakahangaika kutafuta gari la kuwapeleka hospitali kubwa. Binti alijifungua garini, akatokwa na damu njia nzima, akakata roho kwenye geti la hospitali, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake. Mtoto alipona, wa kike.

Mkwe wake, fundi wa matairi, alirudi kazini akawa hasemi na mtu. Mama Dekio akamlea mtoto, akisaidiwa na dada yake mkubwa, ambaye magoti yalishamgomea siku nyingi. Kila Mama Dekio alipokwenda zahanati kuuliza wodi itafunguliwa lini, aliambiwa arudi wiki ijayo. Akarudi mara tisa. Mara ya kumi alikaa kwenye benchi la wagonjwa akalia mpaka muuguzi akamletea maji. Akayanywa, akaondoka bila kuuliza kitu.

Wiki hiyohiyo, akifuta ubao wa matangazo, akaona karatasi mpya: mafunzo ya miezi sita, kila Jumamosi, bure, kwa wanaotaka kuwa viongozi wa mitaa na kata. Mwombaji ajue kusoma na kuandika, na awe na jambo linalomkera mtaani kwake. Aliisoma mara tatu, kitambaa kikimchuruzikia maji kiatuni.

“Uongozi?” dada yake alishangaa. “Wewe na uongozi wapi na wapi, mdogo wangu?”

“Uongozi wenyewe siutaki, dada. Nataka mtu anijibu. Kila mlango nimegonga. Umebaki huu.”

Kwenye fomu waliacha ukurasa mzima wa kueleza jambo hilo. Yeye aliandika mstari mmoja: Mwanangu alikufa kwa sababu mlango ulifungwa. Wakamwita.

Darasa lilikuwa ukumbini mlemle. Jumamosi ya kwanza, mfanyabiashara mmoja mwenye suti alimnyooshea kikombe. “Mama, chai hii imepoa. Nibadilishie.” Miguu yake ikainuka kabla ya akili. Alileta chai ya moto, akamwekea, kisha akavuta kiti akaketi kando yake na kufungua daftari. Mfanyabiashara alibadilika rangi. Kinyozi aliyeketi upande wa pili alicheka mpaka akafuta machozi. “Hata ungemtukana, mama yangu, asingeumia hivi.”

Lakini yeye hakucheka. Vijana wenye vyeti walizungumza kama maji ya bomba. Yeye akisimama, sauti iliishia njiani, akaketi kabla ya kumaliza mstari wa kwanza. Wiki ya nne alimwambia mkufunzi, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, kwamba anaacha.

“Nimekuja mahali si pangu.”

“Usiseme mbele ya watu basi,” mkufunzi akamjibu. “Kazi ya mwezi huu ni kufuatilia jambo lako hatua kwa hatua, mpaka ufike lilipokwama. Hiyo nayo inakushinda?”

Haikumshinda. Alianza kwa mkandarasi aliyeijenga wodi, akamkuta kwenye jengo jingine amesimama juu ya kifusi. “Mimi nilimaliza zamani,” alisema. “Makaratasi yote yako kwenu halmashauri.” Karani wa masjala akapekua daftari lake. “Hati ya makabidhiano ilikwenda kwa ofisa wa majengo. Iko kwenye faili la kijani. Haijarudi, na bila hiyo wodi haifunguliwi.”

Mama Dekio akashika ukingo wa meza. Faili hilo alilijua. Lilikuwa mezani kwa ofisa huyo, kwenye trei ya kushoto, chini ya kalenda kuukuu, na kila asubuhi alilinyanyua, akafuta chini yake, akalirudisha palepale.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alilifungua. Kila mtu alikuwa ameshasaini isipokuwa ofisa. Tarehe ya juu ilitangulia kifo cha binti yake kwa miezi kumi na minne. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye meza, ndoo mbele yake. Akajaribu kulia, machozi yakakataa.

Jioni alimsubiri mkwe wake amalize kunawa mikono, akamweleza yote.

“Saini moja?” mkwe akauliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo.

“Moja, baba. Na faili lenyewe nililipangusa vumbi kila asubuhi.”

Mkwe alimchukua mtoto, akatoka naye uani, akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanamtetemeka.

Mwisho wa mafunzo, madiwani na maofisa walialikwa kuwasikiliza. Zamu yake ilipofika aliuliza kwa nini wodi imefungwa. Ofisa wa majengo akatabasamu. “Suala hilo linashughulikiwa, mama.”

“Halishughulikiwi,” alisema, na safari hii sauti ilitoka, mbovu lakini kubwa. “Hati iko mezani kwako, trei ya kushoto, chini ya kalenda. Imebaki saini yako. Mwanangu amekufa, na wewe kalamu unayo mfukoni hapo.”

Kinyozi aliinamisha kichwa. Diwani mmoja akaagiza faili liletwe palepale, na ofisa akasaini mbele ya watu, jasho likimtiririka.

Jumatatu msimamizi wa usafi alimpa barua: ameachishwa kazi kwa kupekua nyaraka za ofisi. “Ningekutetea,” msimamizi alisema akitazama dirishani, “ila na mimi nina watoto.” Akamnyang'anya funguo.

Wodi ilifunguliwa baada ya siku tisa. Mama Dekio alikwenda, akasimama mlangoni, akaona vitanda sita na mwanamke mmoja amelala ubavu, ananyonyesha. Muuguzi akamkaribisha ndani. Akashukuru, lakini hakuvuka kizingiti.

Kinyozi alimfuata nyumbani na fomu ya kugombea kiti cha kata. “Watu wanakusema vizuri mtaani. Jaza, mama yangu.”

“Nijaze nini? Kazi sina, mwanangu hayupo, na nikifumba macho naliona lile faili.”

“Basi nikuachie tu.”

Aliiacha juu ya meza. Mama Dekio hakuijaza, wala hakuitupa. Siku ya tatu, dada yake akiwa anambembeleza mtoto, alimwomba kalamu. Mahali pa jina aliandika jina lake kamili, polepole, kisha akaegemea kiti na kulia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu afungue faili.

“Nini tena?” dada akauliza.

“Sijui, dada. Mshike mtoto, nimalizie.”