Njia ya Maziwa ya Kahaso

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili mtu asije akamcheka Kahaso kwa ajili yangu. Mimi ndiye niliyeisoma ile karatasi.

Ilibandikwa kwenye nguzo ya kibanda changu cha chai hapa Kinondo na kijana mmoja wa Ukunda aitwaye Feisal, anayekodisha baiskeli kwa wageni. Si baiskeli hizi zetu. Zake zina matairi manene yenye meno, za kuendea barabara za changarawe huko bara, mbali na lami. Karatasi ilisema: Anatafutwa mtu anayeijua vizuri Njia ya Maziwa, Kinondo hadi Majimboni, awe mwendesha baiskeli hodari. Niliisoma mara mbili, nikapiga simu kabla maji yangu hayajachemka.

"Shoga," nikamwambia, "wanakutafuta wewe."

Angekuwa nani mwingine? Kwa miaka kumi na tisa Kahaso aliteremsha maziwa kutoka nyumba za wafugaji za Mivumoni na Majimboni mpaka kwangu, na kutoka kwangu mpaka jikoni mwa hoteli moja ya Diani, juu ya baiskeli nyeusi ya chuma yenye keria pana. Ni Mduruma wa upande wa Kinango, aliyeolewa Mivumoni. Wanaume walipomwambia kuwa baiskeli si chombo cha mwanamke mwenye leso, alijifunga leso mbili akapanda. Akiwa juu ya ile baiskeli ana maringo, sikatai, lakini ukimwona anavyoupanda mlima wa Mivumoni na lita arobaini nyuma yake, utamwachia maringo yake.

Kisha hoteli ikaanza kununua maziwa ya pakiti. Bila hoteli, safari ya kuniletea mimi peke yangu haikuwa na maana, basi na mimi nikarudi kwenye pakiti. Chai yangu ikawa na rangi ya maji ya kufulia, na wateja hawakunificha. Baiskeli ya Kahaso ikaegemezwa kwenye mkorosho, kuku wakalala juu yake. Mwanawe mkubwa alikuwa amekwisha kubaliana na mnunuzi wa vyuma chakavu aje kuichukua Jumapili.

"Ikiondoka hiyo, Mwanaima," aliniambia, "mimi nitakuwa mtu wa kukaa tu. Nitakaa hivyo mpaka wanizike."

Kwa hiyo unaelewa kwa nini nilipiga simu mbio vile.

Alhamisi asubuhi Kahaso akafika ofisini kwa Feisal, baiskeli imepanguswa, jerikeni la maziwa limefungwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu. Feisal ni mtoto wa watu, ana adabu. Akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya njia ya maziwa."

Feisal akalitazama jerikeni. "Mama, samahani sana. Sisi hatununui maziwa."

"Nani anauza? Mmetaka mtu anayeijua njia. Ninaijua."

Ndipo kijana akaeleza. Wageni wake wanatoka nchi yenye maziwa mengi, na huko kwao watu huyazunguka kwa baiskeli siku nzima. Wamemwomba safari kama hiyo. Basi yeye akatafuta kwenye simu picha ya nchi yetu iliyopigwa kutoka juu, akaona madoa ya buluu, akayaunganisha kwa mstari, akaupa mstari ule jina zuri.

"Maziwa ya maji, mama," akasema polepole. "Si ya kunywa."

Vijana wawili waliokuwa wakijaza matairi upepo wakaangua kicheko.

Hapa nijitetee kidogo. Huku kwetu maji ya namna hiyo ni lambo, au bwawa, na ukiwa umeyakasirikia ni dimbwi. Lambo la ng'ombe nani analiita ziwa? Lakini Feisal ni mfanyabiashara, na alijua hakuna atakayepanda ndege kuja kuona lambo. Mimi niliyezaliwa hapa nikasoma maziwa, nikaona maziwa, meupe, yenye povu.

Mtu mwingine angeomba radhi akaondoka. Kahaso alivuta kiti. "Hebu nionyeshe hiyo simu."

Akainamia ile picha kwa muda. Alikuwa hajawahi kuiona nchi kutoka juu, lakini hakukawia kupata pa kuanzia, akaifuata barabara kwa ncha ya ukucha. "Hili la kwanza ni lambo kweli. Mwezi huu ndani yake mna mbuzi, maji hamna. Na hili la pili si ziwa, mwanangu. Hili ni paa. Ni godauni la korosho, walilipaka rangi mwaka juzi."

Vijana wakacheka tena, na safari hii Feisal naye akatabasamu. Picha ni picha, alisema, na mstari amekwisha uchora. Hata hivyo hakuwa na moyo wa kumfukuza mama wa makamo mbele ya watu. Akamwambia kuwa Jumamosi atatoka na wageni wawili, mume na mke, kuijaribu njia. Akipenda, afuate nyuma.

"Na njia ikiwa ni kama nilivyosema?"

"Basi kazi ni yako, mama."

Alisema vile kwa wepesi, kama mtu anayemwahidi mtoto ndege. Kahaso aliibeba ile ahadi mpaka nyumbani.

Yaliyofuata nimeyapata kwa wote wawili, na hawatofautiani sana.

Jumamosi walitoka Kinondo alfajiri baada ya swala, wakapita Muhaka, wakaingia barabara nyekundu yenye kokoto. Feisal mbele, wageni katikati na kofia zao ngumu, Kahaso nyuma na leso mbili na jerikeni tupu. Kwa nini jerikeni? Anasema baiskeli ile haijawahi kwenda bara bila kitu kwenye keria, ingeona haya.

Ziwa la kwanza lilikuwa na mbuzi kumi na wanne, wamelala kwenye tope lililokauka likapasuka vipande. Mgeni wa kiume akapiga picha kwa heshima. Feisal akasema mvua zimechelewa. Wakaendelea nusu saa nzima chini ya jua lililoanza kuchoma, wakakata kona, na mbele yao ziwa la pili likawaka buluu juu ya kuta nne. Mlinzi wa godauni alitoka kuwauliza kama wameleta korosho.

Feisal akashuka kwenye baiskeli. Wageni walikuwa wamelipia ndege na hoteli kwa ajili ya maji, na yeye amewaletea mabati. Masikio yalimwiva. Lakini nimsifu, hakutafuta wa kumlaumu.

"Mama, ulisema."

"Nilisema."

"Sasa tufanyeje?"

"Nyinyi nifuateni."

Akawapita, akaingia kijia cha kushoto kati ya minazi. Njiani akamfafanulia Feisal, bila hata kuhema. Ng'ombe wa maziwa hapelekwi mbali kunywa maji, maana akitembea sana maziwa yanapungua. Kwa hiyo kila nyumba aliyochukua maziwa kwa miaka kumi na tisa ina maji bondeni chini yake, yasiyokauka. Nyumba zilikuwa saba. "Wewe uliyatafuta kutoka juu," akamwambia. "Mimi niliyafuata kwa ng'ombe."

Walipokaribia nyumba ya kwanza, mkono wake ukafanya peke yake jambo ulilolizoea: ukagonga kengele mara tatu. Hakukusudia. Na mara akatoka Jumwa, mwenye nyumba, mbio, na sufuria ya maziwa ya asubuhi mikononi, nusu yakimwagikia kanga.

"Nilijua utarudi!" akapiga kelele. "Niliwaambia hawa, Kahaso hawezi kukaa!"

Kahaso anasema hapo ndipo aliposhuka kwenye baiskeli, yeye ambaye mlima haumshushi. Angemwambiaje kuwa hakuja kuchukua maziwa, kwamba ameleta watu kutazama maji? Alisimama, akaangalia sufuria, akamwangalia Jumwa. Alikuwa amedhani ni yeye peke yake aliyeachwa na ile hoteli, kumbe na hawa walikuwa wakimsubiri.

Akafungua mfuniko wa jerikeni. "Mimina," akasema.

Chini ya boma la Jumwa palikuwa na lambo pana lenye mayungiyungi, yangeyange wamesimama migongoni mwa ng'ombe. Mgeni wa kike alivua viatu akaingiza miguu kwenye maji, akabaki hapo akicheka peke yake. Ikawa hivyo nyumba hadi nyumba. Kengele mara tatu, salamu kamili, za watoto, za mifugo, za mgonjwa aliyepona, kisha maziwa, kisha maji. Wageni walijifunza kushuka na kusalimu kabla ya kuambiwa. Hawakufika zote saba, jua lilikataa, lakini tano walizifikia, na Feisal akaufuta mstari wake kwenye simu akachora mwingine, akiuliza kila kona: hapa, mama? hapa?

Walirudi kwangu alasiri, wekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu. Feisal hakukaa. Akaenda moja kwa moja kwenye nguzo, akaibandua karatasi yake, akaikunja akaitia mfukoni. Akasema kazi ni kila Jumamosi na kila Jumatano, na kwamba wageni wamemuuliza jina la njia maana yake nini. Yeye amewajibu maji, mama amewajibu maziwa, na sasa wanataka kujua nani anasema kweli.

"Waambie sote wawili," Kahaso akasema, akifungua mipira ya tyubu.

Mimi nilikuwa na machozi, na sioni aibu. Nilitaka kumwomba radhi kwa kuisoma karatasi vibaya, lakini alikuwa amekwisha weka jerikeni mezani kwangu, limejaa, zito, lina joto la jua.

"Chemsha haraka yasigande," akaniambia. "Na kesho yule wa vyuma akipita hapa kuuliza njia ya kwangu, usimsumbue bure. Mwambie baiskeli iko kazini."