Mama Aliyeyumba Saa Sita

Mama yangu hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, na bado kanisa letu kule karibu na Mbumbuni lilimweka benchi la nyuma kwa ulevi. Nalisema moja kwa moja kwa sababu hasira yangu haijaisha, ingawa wengi wa wazee waliohusika wameshazikwa, na baadhi yao niliwalilia kabisa.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza shule, nakaa nyumbani nikingoja kuitwa chuo cha ualimu. Mama ndiye aliyeanzisha nyimbo katika mwethya, kile kikundi cha kina mama cha kusaidiana kazi za shamba kwa zamu. Walichimba mitaro ya fanya juu, wakirusha udongo upande wa juu wa mteremko ili mvua isiubebe. Mama alitoa mstari, majembe yakaitikia pamoja na watu. Natamani sana kuisikia tena sauti ile. Ilikuwa nzito kidogo, imejaa utani, na akiona mtu anategea alimtungia mstari wake papo hapo, mwenyewe akacheka na kuinua jembe.

Mwaka huo, jua likiwa kali kabla ya mvua za Novemba, mama alianza kuyumba. Asubuhi alitoka nyumbani vizuri tu. Ikifika saa sita, miguu inamkataa, ulimi unakuwa mzito, maneno yanaburuzika. Jioni ubaridi ukiingia, yeye ni yule yule, anasonga ugali na kutugombeza. Kisha wiki zikapita bila shida yoyote, nasi tukasahau.

Wengine hawakusahau. Kanisani kwetu mtu aliyeokoka hanywi, na aliyekunywa alihamishiwa nyuma mpaka atubu mbele ya watu. Hoja yao ilikuwa rahisi: anayeyumba mchana akapona jioni ni mtu ambaye kaluvu, ile pombe ya kienyeji, imemtoka kichwani. Mke wa mzee mmoja wa kanisa akaanza kumkumbatia mama kwa muda mrefu kuliko upendo wa Kikristo unavyohitaji, pua ikitafuta. Hakunusa kitu. Basi ikasemekana mama ni mjanja, anatafuna majani ya mlimau kuua harufu.

Wazee wakaja nyumbani. Niliwapa chai, wakainywa yote kabla ya kusema kilichowaleta.

"Dada, wewe tubu tu," mkubwa wao alisema. "Ukitubu Jumapili hii, hata Meza ya Bwana utashiriki na wengine. Hii maneno itaisha."

"Nitubu nini?"

"Si unajua."

"Sijui, mzee. Nikitubu kitu sijafanya, hiyo sasa ndiyo dhambi."

Akapelekwa benchi la nyuma, pamoja na walevi wawili wa kweli na msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa. Aliimba kutoka huko huko, kwa nguvu, mpaka kwaya ya mbele ikapoteza njia. Walevi wale walimpenda sana. Lakini sahani ya mkate ilipokaribia benchi lile iligeuzwa, na mama alitazama dirishani mpaka ibada ikaisha. Hilo ndilo lililomuumiza. Miguu aliisema kwa mzaha, mkate hakuuzungumzia kabisa.

Halafu jicho lake moja likaingia ukungu. Mjomba, aliyekuwa na duka Sultan Hamud, akatupeleka hospitali Nairobi. Walimpima kila namna, wakamtoa hata maji ya mgongoni. Mwishowe daktari akataja jina refu, multiple sclerosis, akatueleza polepole.

"Mama, damu yako ina askari wa kupigana na magonjwa. Hawa wako wamegeukia mishipa ya fahamu, wanaichuna kama mtu anayechuna waya ya umeme. Mwili ukipata joto, waya iliyochunika inashindwa kupeleka ujumbe. Ukipoa, inajaribu tena."

Nilimuuliza dawa. Akasema ya kuuondoa haipo. Nilihisi kulia, na hapo mama akauliza lake.

"Daktari, kwa hivyo mtu anaweza kuyumba na hajakunywa?"

"Anaweza, mama."

Mama alicheka kwa furaha, mpaka daktari akanitazama mimi.

Siku hizi nasoma kila ninachopata kuhusu ugonjwa ule. Wataalamu wanachungulia ndani ya askari wenyewe, zile seli nyeupe. Wanasema kila seli hubeba jeni, yaani maagizo ya kazi, mengine yamewashwa na mengine yamezimwa. Kwa wagonjwa kama mama, askari hukutwa na maagizo ya vita yamewashwa wakati hakuna adui. Mambo yote hayo yalikuwa yakitendeka mahali ambapo pua ya mke wa mzee isingefika.

Mjomba alikwenda kumweleza pastor. Jumapili iliyofuata, karibu saa sita, mabati yakiwaka kwa joto, pastor akatangaza:

"Kanisa limemsamehe dada yetu. Aje akae mbele."

Watu wakasema amina. Mama akainuka. Alishika benchi hili, akashika lile, akiyumba mbele ya macho yote yaliyokuwa yamemhukumu kwa kuyumba. Alipofika mbele hakuketi. Aligeuka.

"Pastor, mumenisamehea nini?"

Pastor akawatazama wazee, wazee wakatazama viatu vyao. Nilisimama nikamshike, lakini mama akanikatalia kwa kichwa. Alisubiri. Niliogopa ataanguka kabla ya kujibiwa, na nadhani kila mtu aliogopa hivyo.

Pastor akashuka madhabahuni, akavua miwani.

"Mama, sisi ndio tulikosa. Utusamehe."

"Sasa hiyo nimesikia," mama akasema, ndipo akaninyooshea mkono nimkalishe.