Mshipa Usiokandwa

Saa mbili asubuhi, Sabina Chilumba anainamia hadubini katika maabara ya hospitali moja mjini Mtwara. Juu ya kioo kuna kipande cha uvimbe wa titi, chembamba kuliko ganda la kitunguu. Kila anapoona mshipa mdogo wa damu, kidole gumba kinabonyeza kihesabio.

"Sitini na nane," anasema taratibu. "Uvimbe huu umejishibisha."

Mkazi huyu wa Chuno, mwenye miaka 41, ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na sita. Uvimbe wa saratani, anaeleza, hujitengenezea mishipa ya kujivutia damu. Ukiwa nayo mingi, mara nyingi huwahi kusambaa, hivyo hesabu humsaidia daktari kujua mgonjwa gani afuatiliwe kwa karibu zaidi.

"Hesabu si hukumu," anasema. "Ila inasema harakisha."

Neno mshipa ndilo lililomliza mwaka jana.

Mwanahamisi, mkulima wa korosho na muhogo wa Mpapura, alimsimamisha koridoni akauliza kipande chake kimeonyesha nini. Kutoa majibu ni kazi ya daktari, na Sabina anajua. Huruma ikamponza.

"Mama, mwone daktari leo leo," akamwambia. "Uvimbe una mishipa mingi."

Mama akashukuru, akaenda zake nyumbani. Kwao, mtu akiambiwa ana mshipa hufikiria ngiri na maumivu ya kukaza, na dawa yake ni kukandwa. Neno moja, maradhi mawili, na hapo nani wa kulaumiwa?

Wiki sita zikapita bila mama kuonekana. Sabina akaomba ruhusa, akamfuata Mpapura Jumamosi moja. Alimkuta amelala mkekani, mkandaji akiwa na mafuta ya nazi mikononi.

"Si ulisema mishipa, mwanangu?" Mwanahamisi akamuuliza. "Nimekandwa mpaka nimechoka, na haitulii."

Sabina akalia mbele yao, na anasema hakuona haya. Kisha akaanza upya, safari hii bila lile neno.

"Mama, hiyo ni kansa. Imejichimbia mifereji, inakunywa damu yako yenyewe. Kukanda hakuizibi. Daktari aitoe."

Mwanahamisi akainuka mkekani, akajifunga kanga. "Basi ningoje nivae," akasema.

Alipasuliwa siku tisa baadaye, kisha akaanza dripu za dawa. Daktari hajamwahidi kupona, ingawa vipimo vya karibuni vinatia moyo.

"Siku yake ya kliniki naamka na hofu," Sabina anakiri. "Nikimwona anaingia kwa miguu yake, nafurahi mpaka nasahau chai."

Sasa ameandika barua kuomba apite vijijini kabla ya msimu wa korosho, awahimize wanawake waje mapema, kwa maneno wanayoyaelewa. Mwanahamisi alipoambiwa mpango huo, alitikisa kichwa.

"Maneno yako watayasahau. Twende wote," alimwambia. "Tukiwa wanawake wenyewe kwa wenyewe, nitajifungua kanga waone palipokuwa na titi, na mie mzima nasimama mbele yao."