Picha ya Nekesa Dirishani

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa studio moja ya picha ya Eastleigh, Nairobi, hakunipa kamera. Nilikuwa nimerudi kutoka Ujerumani na diploma ya upigaji picha, na Pumwani nzima, nilikozaliwa, ilikuwa na habari. Karo nilijilipia kwa kuosha vyombo hotelini. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Meneja aliitazama diploma, akanirudishia.

"Kamera tunazo," alisema. "Macho ndiyo hatuna. Wewe utakuwa unawaambia wenzako makosa yao."

Ndivyo nilivyokuwa mkaguzi wa picha, miaka ile ya tisini, filamu zikiwa bado zinasafishwa kwa dawa katika chumba cha giza. Kila Jumatatu picha za harusi zilianikwa kwenye waya kwa vibanio vya nguo, nao wapiga picha wakasimama nyuma yangu kama washtakiwa. Kabla yangu, ukaguzi ulikuwa neno moja tu: "Poa." Mimi ndiye niliyewafundisha kukagua. Unasema jicho lako limeanzia wapi, limekwama wapi, kisha mwenye picha afanye nini. Ukisema "picha mbaya," umemtukana mtu. Ukisema "sogea kushoto kidogo, ile nguzo ya stima isimwote bibi harusi kichwani," umemfunza kazi. Hata Msimamizi wa chumba cha giza, aliyenidharau mwanzoni, akaanza kusema kama mimi.

Kamera nilipewa baadaye, na nikawapita wote. Picha yangu ya maharusi wa Majengo ilikaa miaka katika dirisha la mbele. Dirisha hilo ndilo lililogawa kazi: aliyepita nje, barabara ya First Avenue, akaipenda picha aliuliza nani kaipiga, na huyo ndiye aliyepewa harusi yake.

Kisha akaja Nekesa wa Kayole, mwenye mdomo mrefu kuliko lenzi yake. Jumatatu moja alianika picha ya mama akimfunga mwanawe tai kwenye ngazi za ploti ya wapangaji, asubuhi ya harusi. Mama ameuma pini. Kijana amefumba macho kama mtoto anayepakwa mafuta. Sikuwahi kupiga picha kama ile, wala sijaipiga mpaka leo.

"Hii iende dirishani?" Meneja aliuliza. "Sema, Mkaguzi."

Ilikuwa na kasoro moja. Upande wa kulia, mwanamume mwenye shati jeupe alikuwa akiuma chapati, na mwanga wote umemwangukia yeye. Ningesema "nzuri" nikapita, picha ingebaki na chapati yake, Meneja angeikataa, na dirisha lingebaki langu. Neno "nzuri" ndilo linalotumika kumzika mpiga picha unayemwogopa.

"Niaje, Mwalimu?" Nekesa alicheka. "Leo umeishiwa? Ama diploma imeexpire?"

Wivu wenyewe ndio ulionifungua mdomo. Kumwonea mtu wivu kwa picha yenye chapati ilikuwa aibu.

"Jicho langu limeanzia kwa huyu anayekula, na limekwama hapo hapo. Mkate."

"Nimkate? Huyo ni baba ya bwana harusi! Nikimkata, hiyo familia itanikata mimi."

"Basi mchome."

Kuchoma, kwetu, ni kuongezea kona moja ya karatasi mwanga wakati wa kuchapa, huku umekinga sehemu nyingine kwa kiganja, mpaka kona ile iwe nyeusi. "Shati lizame," nilimwambia. "Bakisha uso, kwa mbali."

Alirudi mchana, karatasi ingali mbichi. Chapati imepotea gizani. Yamebaki macho ya baba yakimtazama mkewe. Meneja hakuuliza mtu. Aliitoa picha yangu dirishani, akanipa.

"Peleka nyumbani," alisema. "Mama watoto ataipenda."

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mnabonyeza alama ya moyo chini ya kila picha na kupita, kisha mnashangaa mbona hamwendelei. Mimi nimekosoa wapiga picha ambao leo ni mabosi, na hakuna atakayesema nilimdanganya. Nekesa ana studio yake, kubwa kuliko ile. Juzi amenitumia picha kwenye simu: "Mwalimu, ikague." Niliikodolea macho tangu chai ya asubuhi hadi jua kuzama, nikaipata kasoro: ameinamisha kamera kidogo, ukuta unaanguka. Nikamwandikia yote, sawasawa, na jinsi ya kurekebisha. Kisha nikakaa na simu mkononi, nikitumaini hatasoma, ukuta wake ubaki unaanguka.