Viboko wa Chini ya Isangi

Kisangani walisema viboko wa mto wamekwisha, bunduki za jeshi zimewamaliza. Mimi, msichana wa mwaka wa mwisho chuoni na mbishi tangu kuzaliwa, nikaomba kazi yangu ya kumalizia masomo iwe juu yao. Profesa alinipa safari moja tu ya mtumbwi wa mota: nikiwaona, nitaandika, nisipowaona, nitaandika juu ya samaki kama wenzangu wote. Samaki nilikuwa nawala, hamu ya kuwasoma sikuwa nayo.

Tulilala Isangi, na asubuhi tukateremka na mto tukiwa watatu: profesa ndani ya koti lake la abakosti lililofungwa mpaka shingoni, mwendesha mtumbwi, na mimi. Penye visiwa tukazima mota. Kwa desturi, anayepita mahali pa kiboko hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, ili mnyama ajue kuna watu na asishtuke. Sote tulikulia mtoni, sote tulijua. Lakini profesa alisema sayansi inataka kimya, nasi tukanyamaza kama tuko kanisani.

Mara maji kando yangu yakavimba. Kichwa kikatoka, kipana kuliko meza ya mama yangu ya sokoni, karibu kiasi kwamba pumzi yake ilinilowesha uso. Ilinuka majani na matope. Mtumbwi ukayumba. Nikashika ukingo wake. Juu ya mgongo wake alikuwa amelala mtoto, masikio madogo yakipepea kufukuza maji, akanitazama. Nilihisi udogo wangu wote na sikuona haya. Nyuma yao wakaibuka wengine, na wengine tena. Machozi yakanitoka huku nacheka.

Profesa mwenyewe ndiye aliyechukua kasia akagonga ubavu, taratibu. Kiboko yule akageuka, akamshusha mtoto majini, wakaenda zao.

Jioni, bandarini Isangi, tonton wangu, ndugu ya baba na mfanyabiashara wa nyama ya kukausha, alikuwa akitungoja pamoja na askari wawili wenye bunduki. Ndiye aliyenisomesha tangu baba alipofariki. Akauliza habari za safari, kisha akauliza kama tumewaona, na ni wapi. Profesa, nyuma yangu, aliniachia jibu.

“Hatukuona kitu, tonton,” nikasema. “Kule iko maji tu.”

Alisikitika kwa ajili yangu, kweli kabisa, akanishika bega. Profesa alisubiri mpaka walipoondoka.

“Bon, mama,” akaniambia, “sasa utaandika juu ya samaki.”

Nikaandika juu ya kambale. Siku ya kuitetea kazi yangu mbele ya walimu, tonton alisafiri kutoka Isangi, akakaa mstari wa kwanza, akapiga makofi kuliko wote.