Siku Moja Bila Picha, Kamati Ikaundwa

Jamani watu wa Arlington, niko hai!

Si niliwaahidi picha moja kila siku nikiwa huku Himalaya? Sasa juzi usiku niliiacha simu dirishani, eti iwe tayari jua likichomoza mlimani. Baridi ikaizima kabisa, na jana hamkupata picha. Nami ni nesi mzima! Mimi nimelala na soksi mbili mbili, simu nimeiacha hivyo hivyo.

Leo tumeteremka kijijini, nikaichaji. Kuiwasha tu, nakuta nimo kwenye grupu jipya:

"Mazishi ya Nyambura."

Waliingiza kila mtu wa grupu la kanisa, hata marehemu.

Mwenyekiti keshapatikana. Mama Kevo wa Carrollton ndiye wa chapati. Pasta anauliza mwili uende Nyeri moja kwa moja, au upitie huko kwetu Texas kwanza.

Nikaandika, "Hamjambo, ni mimi."

Mama Kevo akajibu, "Nani ameshika simu ya marehemu?"

Na ile picha yangu mliyoiweka humo ya matanga! Mmeimwagia mioyo hadi skrini imejaa, na picha zangu zote za milima mlikuwa mnazipita tu.

Kwa hivyo semeni ukweli hapo chini: kesho niposti mlima, ama nife tena?