Inapika, Inapiga

Siku hizi ukimpigia Ombati simu kwamba gari lako lina shida, hakuulizi lina nini. Anakwambia ufungue boneti, uwashe injini, uweke simu karibu, kisha unyamaze. Watu wa Sotik wamemcheka sana kwa hilo. Wanasema fundi amezeeka, amechoka kuongea na binadamu. Mimi ninauza oili na vipuri mlango wa pili kutoka gereji yake, na wakicheka mbele yangu huwa nawauliza kama wamekuja kununua au kunipotezea wakati. Siwezi kucheka nao. Siku ile nilikuwepo.

Ombati ni mtu wa masikio. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, anabana mpini sikioni, anafumba macho, na baada ya muda anakwambia ni valvu, au ni beringi, au ni mkanda tu umelegea na uache kujitia wasiwasi. Nimemwona akisikia gari linapita barabarani, akaacha chai yake na kumkimbilia dereva kumwambia asijaribu kufika Bomet nalo. Kiburi alikuwa nacho, sitamficha. Alikuwa akisema injini haijui kudanganya, wanaodanganya ni wenye magari.

Mteja wake wa miaka mingi alikuwa Bethwel, mzee mkulima wa majani chai kutoka Mogogosiek, mwenye pikapu ya Peugeot ambayo imeona marais wote isipokuwa wa kwanza. Pikapu hiyo ilikunywa oili bila aibu, na mimi ndiye niliyeiuza, kwa hiyo najua. Taa ya oili ilikuwa imekufa zamani. Ombati akamwambia asiisumbukie, apime kwa stiki kila Jumapili baada ya kanisa, na abebe galoni moja nyuma ya kiti. Kisha mwaka juzi rejeta ikatoboka, gari likawa linachemka kila likiona mlima, mpaka Ombati akaichomelea.

Hapa gereji, gari likichemka tunasema linapika. Likigonga kwa ndani tunasema linapiga. Tofauti ni herufi moja tu, lakini kwa injini ni tofauti ya uhai. Linalopika unalijaza maji. Linalopiga unalizima papo hapo na kuangalia oili kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa, Bethwel ni Mkipsigis, na g yake na k yake ni ndugu wanaovaa koti moja. Gari kwake ni "kari", na neno "bado" ni "pato". Tulimtania, naye akatutania sisi Wakisii kwamba tukisalimiana ni kama tunagombana, na hakuna aliyeumia. Miaka kumi na mitano Ombati alimwelewa bila shida, kwa sababu waliongea gari likiwa katikati yao. Neno likipotea, mkono ulionyesha.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi. Ombati alikuwa amelala chini ya lori la maziwa, nami nimesimama pembeni na vipuri alivyoagiza. Simu ikalia, akaibana kati ya bega na sikio. Sauti niliisikia hata mimi, maana Bethwel huongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya bonde.

"Fundi, kari inapika."

"Inapika?"

"Ee, inapika. Inapika sana. Tumepita Kericho, tuko hapa mlimani na mama, tunaenda Kedowa. Nimefungua poneti. Niangalie oil kwanza?"

"Achana na oil, mzee. Ni ile rejeta tu. Ngoja nusu saa ipoe, jaza maji, halafu enda polepole. Usisimame tena mpaka ufike."

"Haya fundi. Asante sana."

Ombati akarudi kwa lori lake. Mimi pia nilisikia inapika, na wala sikushtuka.

Jambo ambalo mzee hakulisema kwa simu ni kwa nini walikuwa wanaenda Kedowa. Yule mama aliyekuwa naye garini ni mkewe, Tecla, na mama yake Tecla alikuwa anakufa. Jina lake Jerusa, kogo, yaani bibi, wa miaka zaidi ya tisini, haoni, na tangu Jumapili alikuwa anamuulizia Tecla, mtoto wake wa kwanza. Ile Peugeot aliijua kwa mlio. Kila walipomtembelea, aliwaambia wajukuu "hao wamefika" kabla mtu yeyote hajaiona. Asubuhi hiyo aliomba alazwe upande, sikio lake zima lielekee mlangoni.

Basi wakakaa nusu saa kando ya barabara wakingoja injini ipoe, na haikuwa imechemka. Wakajaza maji ambayo rejeta haikuyahitaji. Galoni ya oili ilikuwa nyuma ya kiti, kifuniko hakijafunguliwa. Halafu wakaendelea bila kusimama, kama walivyoambiwa, na kabla ya kufika Chepsir injini ikapasuka ubavu. Magari yalipita yamejaa. Tecla ana miguu mibovu, hawezi kutembea mbali. Walipochukuliwa na lori la kabeji na kufikishwa Kedowa ilikuwa saa nane kasorobo. Jerusa alikuwa amefariki saa sita.

Baada ya mazishi gari lilivutwa mpaka Sotik. Ombati alianza na rejeta, akaikuta imejaa maji safi. Akachomoa stiki, ikatoka kavu. Alipofungua chini, beringi zilikuwa zimeisha kabisa. Akakaa juu ya tairi.

"Mama Phelix," akaniambia, "ile siku mzee alisema nini?"

"Inapika."

"Alisema inapiga. Aliniambia inapiga, akataka hata kupima oil, na mimi nikamkataza."

Nilimwambia kosa ni la simu. Nilimhurumia mpaka nikakasirika, sijui nilimkasirikia nani.

Kilichomla Ombati zaidi ni habari zilizotoka Mogogosiek. Bethwel alikuwa anamwambia kila mtu kwamba aliyemnyima mkewe kumwona mama yake ni yeye mwenyewe, kwa sababu Jumapili ile, kwa haraka ya kujiandaa na safari, hakupima oili. Tecla hakumgombeza. Alimpikia, akamfulia, lakini hakukaa naye tena kunywa chai, na kwa watu waliooana miaka arobaini hilo si jambo dogo. Ombati akasema lazima aende amtue mzee ule mzigo, na akaniomba nimsindikize.

Tulienda Jumapili. Nyumba yao iko mwisho wa majani chai, na Bethwel alikuwa peke yake barazani. Alitupokea kwa mikono miwili. Tecla akaleta thamosi na vikombe, akabaki amesimama mlangoni. Ombati alikataa kukaa.

"Mzee, gari haikukufa kwa sababu yako. Ulitaka kuangalia oil, mimi nikakukataza. Nilikusikia vibaya. Wewe ulisema inapiga, na mimi nikasikia inapika."

Bethwel alimwangalia kwa upole, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize.

"Si ndiyo hiyo nilisema, fundi. Inapika."

"Hapana, mzee. Inapiga."

"Ee. Inapika." Akageuka kwangu nimsaidie. "Sasa makosa yako iko wapi? Ulisikia tu vile nilisema. Makosa ni yangu, sikupima."

Ombati alikuwa ametoka Sotik na msamaha wa kuomba, na mzee hakuwa na sikio la kuusikia.

Lakini Tecla alifundisha watoto wa nasari herufi miaka thelathini. Maneno yote mawili aliyasikia, na niliona yalivyomwingia. Alimtazama mumewe. Kisha akaja, akamimina chai, akampa Bethwel kikombe cha kwanza, na akaketi kwenye benchi kando yake. Mzee akashika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Kaa chini, fundi," Tecla akasema, bila hasira. "Hata mama yangu siku ile alikuwa anasikiliza gari tu."

Ombati akakaa. Chai yake ilipoa akiwa ameishika.